Konyeza, Kambare na Sokwe: Historia ya Neva Kando ya Ziwa Tanganyika

Tarehe 13 Februari 1858, juu ya kilima kimoja mashariki mwa Ziwa Tanganyika, Sidi Mubarak Bombay, mmoja wa watu wa msafara, alimwonyesha mpelelezi Richard Burton mstari wa mwanga uliokuwa ukimetameta huko chini, akamwambia kuwa yale ni maji. Burton aliyaona, ila miguu yake ilikuwa imekufa ganzi kwa maradhi na hakuweza kwenda bila kubebwa. Mwenzake, John Hanning Speke, miguu alikuwa nayo, lakini macho yaliugua kiasi kwamba alichokiona ni ukungu tu. Ndivyo walivyoingia Ujiji: mmoja hatembei, mwingine haoni. Waarabu na Waswahili waliokuwa wakifanya biashara pale hawakuwa na haja ya kugunduliwa ziwa; walichokuwa nacho mbele yao ni wageni wawili wagonjwa wanaotafuta mtumbwi.

Mwezi uliofuata Speke alivuka kutafuta jahazi la kukodi, akalala kwenye kisiwa cha Kivira. Usiku upepo uliichafua hema, akawasha mshumaa, na mwanga ukawaita mbawakawa weusi kwa makundi. Mmoja aliingia sikioni. Speke alimimina siagi iliyoyeyushwa, haikusaidia. Mdudu akaendelea kuchimba kuelekea ndani. Mwisho akashika kisu cha mfukoni akamchoma humohumo. Mdudu alikufa, sikio likaoza. Uso ulivimba ukavutwa upande mmoja, kutafuna kukawa taabu, na kwa miezi kadhaa sikio lile likawa karibu halisikii. Hata alipopenga kamasi, sikio lilipiga mluzi.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho. Daktari akikisoma hacheki sana, kwa kuwa neva inayoendesha misuli ya uso hupita ndani ya mfupa ulio pembeni kabisa mwa sikio la kati, na neva ya kusikia iko jirani yake. Usaha ukifika huko, mtu hupoteza mengi kwa jeraha dogo. Ufukwe huu wa Kigoma na Ujiji ukaanza hivyo kuingia katika vitabu vya Ulaya, na tangu siku zile habari za neva hazijaacha kuutembelea: mara kupitia maradhi, mara kupitia samaki, na mara moja kupitia mnyama asiye na ubongo kabisa.

Mnyama huyo ni konyeza. Watu wa Tanga na Unguja wanamjua kwa kuwawasha wakioga baharini. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm aliwaona konyeza wakielea katika maji baridi ya Tanganyika, kilomita elfu moja hivi kutoka baharini. Ni wadogo, kipenyo chao ni kama sentimita mbili, miili yao inapitisha mwanga, na hawamdhuru mwogeleaji. Habari ilishangaza. Mwaka 1893 Robert Günther wa Oxford akampa mnyama huyo jina la Limnocnida. Baba yake, Albert Günther wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, wakati huohuo alikuwa akichambua samaki waliokusanywa ziwani na Edward Coode Hore, nahodha wa meli aliyefika Ujiji mwaka 1878 pamoja na wamisionari wa London. Miongoni mwa samaki hao kulikuwa na mmoja mdogo wa jamaa ya perege, ambaye mzee Günther alimpa jina la Burton. Hakuna aliyemjali wakati huo. Tutarudi kwake.

Konyeza ndiye aliyewasumbua wataalamu. Mwanabiolojia Mwingereza J. E. S. Moore alisafiri hadi ziwani mara mbili katika miaka ya 1890, akavua konyeza, akaokota konokono ambao makombe yao yanafanana mno na ya baharini, akahitimisha kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale. Bahari ilikauka, akadai, na wanyama wake wakabaki wamefungiwa bara, wakiwa vilevile walivyokuwa zama za mijusi wakubwa. Kitabu chake cha mwaka 1903 kilieneza hoja hiyo. Hoja ikaporomoka upesi. Konyeza wa jamaa hiyohiyo walipatikana Ziwa Viktoria na katika mto Niger, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuiweka bahari ya Moore. Jiolojia nayo ikaja kuonyesha kuwa bonde la Tanganyika lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12 tu. Konokono wale hawakubaki tangu zamani: walitengenezwa hapohapo ziwani, na makombe mazito yaliwafaa kwa sababu kaa wa ziwa hili wana magando ya kuvunja.

Moore aliliona ziwa kuwa jumba la makumbusho, kumbe ni karakana. Na kosa lake halikufa naye. Wengi wetu bado tunaipanga mifumo ya neva namna hiyo: konyeza ghorofa ya chini, juu yake samaki, juu yake nyani, na binadamu darini. Vitabu vya shule vimechangia. Lakini konyeza wa leo si babu wa mtu yeyote. Yeye na sisi tulitengana na mzazi mmoja zaidi ya miaka nusu bilioni iliyopita, na muda wote huo yeye pia amekuwa akibadilika.

Tazama anavyofanya kazi. Hana kichwa, hana ubongo, ila pembezoni mwa mwavuli wake kuna pete mbili za seli za neva. Moja hupokea habari, nyingine hutoa amri ya kubana, na mwavuli mzima hubana kwa pamoja. Katika miaka ya 1870, George Romanes alikaa ufukweni Scotland akiwakata konyeza wa bahari wa aina hii kwa mkasi. Alipoondoa ukingo peke yake, mwavuli uliobaki uliacha kujisukuma. Ukingo uliokatwa ukaendelea kutikisika. Hivyo akajua kituo cha mdundo kiko wapi. Kwa mnyama wa umbo la duara ambaye chakula na adui humjia kutoka pande zote, pete ni mpango mzuri kuliko kichwa. Konyeza wa Tanganyika, kwa vifaa hivyohivyo, hubadilisha kina anachokaa kati ya mchana na usiku.

Umeme unaopita katika pete hizo hautofautiani kimsingi na ule unaopita katika kidole cha msomaji. Seli ya neva hutoa sodiamu nje na kuhifadhi potasiamu ndani, hivyo utando wake hukaa na chaji tayari. Ikiguswa inavyostahili, milango midogo kwenye utando hufunguka, sodiamu huingia kwa kishindo, potasiamu hutoka kurudisha hali, na wimbi hilo husafiri hadi mwisho wa uzi. Alan Hodgkin na Andrew Huxley ndio waliolipigia hesabu tukio hilo mwaka 1952, baada ya kuchomeka waya ndani ya uzi mnene wa neva ya ngisi. Ngisi, konyeza, mtu: milango ni ya ukoo mmoja.

Wavuvi wa Kigoma wameitumia mifumo hiyo ya neva kwa karne nyingi bila kuhitaji hesabu za Hodgkin. Zamani mtumbwi ulitoka usiku na moto wa kuni mbele, mvuvi akiwa na lusenga, wavu wa kuchotea. Baadaye zikaja karabai, na siku hizi ni taa za betri na sola, lakini kanuni haijabadilika. Dagaa hufuata mwanga. Kwenye mialo ya Kibirizi na Katonga kila mtu anajua kwamba wakati wa mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika, kwa sababu ziwa lote likiwa na mwanga taa haina la kumvutia dagaa. Biashara nzima, kutoka kwenye taa hadi kwenye gunia la dagaa wakavu linalopanda treni, inategemea jicho dogo na njia fupi ya neva ambayo samaki hawezi kuizuia.

Dagaa huyohuyo ana njia nyingine, ya kumwokoa. Katika sehemu ya nyuma ya ubongo wa samaki wengi wenye mifupa kuna seli mbili kubwa kupita kiasi, moja kila upande, ziitwazo seli za Mauthner. Mtikisiko ukisikika upande wa kulia, seli ya kulia hutoa mpigo mmoja, uzi wake huvuka kwenda upande wa pili, na misuli ya kushoto hujibana yote kwa mara moja. Mwili hujipinda, samaki huchomoka. Yote hutokea katika sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla ubongo uliobaki haujapata nafasi ya kutafakari. Mgebuka naye, anayemfukuza dagaa huyo, anajua kazi yake. Mbio hizo ni za mamilioni ya miaka na hakuna aliyezishinda moja kwa moja.

Katika miamba ya ziwa hili yumo pia samaki ambaye neva kwake ni silaha: kambare wa umeme. Hadi mwaka 2000 alihesabiwa kuwa sawa na yule wa mto Nile. Mwaka huo Tyson Roberts akamtenga kuwa spishi ya peke yake na kumpa jina la ziwa. Mchana hujificha, usiku huwinda, na mvuvi anayemshika kwa mikono iliyolowa hapati haja ya kuelezwa ni samaki gani. Kambare wa umeme wana uwezo wa kutoa zaidi ya volti 300. Kiungo cha umeme kiko chini ya ngozi na kimezunguka karibu mwili wote. Ni misuli iliyoacha kazi ya kubana: kila seli yake hutoa sehemu ndogo tu ya volti, lakini zimepangwa mfululizo kwa maelfu na zote huamka kwa pamoja, hivyo volti hujumlishwa.

Swali ni nani anazipa amri zote kwa wakati mmoja. Jibu lilipatikana Cairo, na aliyelipata ana jina ambalo kila mtoto wa kando ya ziwa amelisikia zahanati bila kujua. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, ndiye aliyemwona mdudu wa kichocho ndani ya maiti za Wamisri mwaka 1851. Ugonjwa ukaitwa bilhazia kwa ajili yake. Lakini alipenda pia kambare wa umeme wa Nile, na mwaka 1857 alichapisha kitabu kizima kumhusu. Kiungo cha kila upande, alionyesha, kinapata uzi mmoja tu wa neva, mnene, unaogawanyika matawi hadi kila seli. Waliofuata wakaikuta asili ya uzi huo: seli moja kubwa katika uti wa mgongo kila upande. Seli mbili tu, na samaki mzima amejaa umeme. Miaka hiyohiyo wamisionari wa Scotland waliokuwa Calabar walituma kambare hai hadi Ulaya, na baadhi wakafika Berlin kwa Emil du Bois-Reymond, mtu aliyekuwa wa kwanza kupima mpigo wa umeme katika neva. Sayansi ya neva ya karne ya 19 ilisafiri sana ndani ya ndoo za maji ya Afrika, jambo ambalo historia zake nyingi hulitaja kwa haraka.

Kisha maradhi yakarudi. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalienea kwenye maziwa makuu, na fukwe za Tanganyika hazikusalimika. Kimelea anayeletwa na mbung'o huishi kwanza katika damu, halafu huvuka kizuizi kinachoukinga ubongo. Hapo saa ya ndani ya mwili huvurugika: mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, tabia hubadilika, na mwisho hushindwa hata kula. Robert Koch alifika visiwa vya Sese, Uganda, mwaka 1906 akiwa na dawa ya jamii ya aseniki iitwayo atoksili. Ilipunguza vimelea kwenye damu. Ilipozidishwa iliua neva ya jicho, na baadhi ya wagonjwa waliokuja wakitembea walirudi wakishikwa mkono, vipofu. Wajerumani walifungua kambi za malale kando ya Tanganyika pia, wakafyeka vichaka na kuhamisha watu. Katika wilaya za Kibondo na Kasulu ugonjwa uliendelea kujitokeza hadi karne hii, na kwa miongo mingi aliyefikwa ubongoni alitibiwa kwa dawa nyingine ya aseniki, yenye sumu ya kuua baadhi ya wanaodungwa. Mwaka 2024 tu ndipo Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza vidonge kwa aina ya malale ya Afrika Mashariki.

Julai 1960 mtafiti wa sokwe Jane Goodall alishuka kutoka kwenye mashua Gombe, kaskazini mwa Kigoma. Kabla ya mwaka kwisha alimwona sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard akiingiza ubua katika tundu la kichuguu, akingoja mchwa waung'ate, akauvuta taratibu na kuwala. Kazi hii inaonekana nyepesi kwa asiyeijaribu. Mkono unapaswa kuujua mpindo wa tundu ambalo jicho halioni, na kasi ya kuvuta isiwaangushe mchwa. Mtoto wa sokwe huchukua miaka kuimudu. Elizabeth Lonsdorf na wenzake, walipowafuatilia watoto wa Gombe, waliripoti mwaka 2004 kwamba majike huweza zaidi ya miaka miwili kabla ya kaka zao. Sababu yao ilikuwa rahisi: majike walikaa wakamtazama mama, madume walikuwa wakicheza. Majike hao waliiga hata urefu ambao mama zao waliingiza ubua.

Mwaka 1966 polio iliwapata watu wa eneo la Kigoma, na kutoka kwao ikaingia msituni. Virusi vya polio huingia kwa mdomo, na kwa baadhi ya walioambukizwa hufika katika uti wa mgongo na kuziua seli zinazoamrisha misuli. Hisia hubaki. Mtu, au sokwe, huuhisi mguu wake vizuri kabisa. Kuuinua ndiko kunakomshinda. Mzee McGregor, kama Goodall alivyomwita, alipoteza miguu yote miwili. Alijikokota kwa mikono, akipanda miti kwa nguvu za mabega, na sokwe wenzake walimwogopa. Humphrey peke yake ndiye aliyeendelea kukaa karibu naye. Mwishowe watafiti walimpiga risasi kumwondolea mateso. Walionusurika walipewa chanjo ya matone ndani ya ndizi.

Sokwe mwingine, Faben, alipooza mkono mmoja. Seli zilizokufa hazirudi, lakini ubongo wake ulipanga upya vilivyobaki: alijifunza kwenda hatua ndefu kwa miguu miwili, wima. Na miaka michache baadaye, ndugu yake Figan alipopigania uongozi wa kundi, Faben mlemavu ndiye aliyesimama upande wake, na Figan akashinda. Kama kuna ushahidi kwamba uwezo wa mnyama hauishii kwenye misuli yake, ndugu hawa wawili wanatosha.

Tanzania ilipata mgonjwa wake wa mwisho wa polio ya asili mwaka 1996, na mwaka 2015 ikathibitishwa kuwa imeitokomeza. Mwaka 2023 virusi vilivyotokana na chanjo, vilivyopata nguvu mpya kwa kuzunguka kati ya watoto wasiochanjwa, vikaonekana Rukwa na ng'ambo, Burundi. Septemba ile matone yakapelekwa nyumba kwa nyumba katika mikoa sita, Kigoma ikiwemo.

Sasa tumrudie samaki wa mzee Günther. Astatotilapia burtoni anaishi kwenye maji ya kina kifupi kando ya ziwa na kwenye midomo ya mito, mahali ambapo watoto wa Ujiji huoga. Mmarekani Russell Fernald alianza kumchunguza katika miaka ya 1970, katika mazingira yake halisi na katika maabara nchini Ujerumani, na baadaye Stanford. Alichokuta ni siasa tupu. Madume wachache ndio wenye viwanja. Hao huwa na rangi kali ya njano au bluu, na mstari mweusi usoni unaoshuka kutoka jichoni. Waliobaki wamefifia, wanafanana na majike, hawana kiwanja wala mchumba, na hukimbizwa kutwa.

Mwenye kiwanja akiondoka au akiliwa na ndege, mmoja wa wanyonge hugundua nafasi. Ndani ya dakika chache mstari mweusi hujichora usoni, rangi zinawaka, anaanza kufukuza wenzake. Ndani ya ubongo jambo linakwenda mbali zaidi. Seli chache za neva zinazotengeneza homoni ya kuamsha uzazi huanza kuvimba, na baada ya siku kadhaa zinakuwa kubwa mara nyingi kuliko zilivyokuwa, korodani hufuata. Akipokonywa kiwanja, zinasinyaa tena. Fernald na wanafunzi wake, Matthew Francis na Kiran Soma wakiwa miongoni mwa walioandika makala ya 1993 iliyojulikana sana, walionyesha kuwa mshale wa sababu unaanzia kwa jirani: cheo ndicho kinachozikuza seli. Mwaka 2005 Sabrina Burmeister, Erich Jarvis na Fernald walionyesha pia kwamba jeni moja katika eneo la ubongo lenye seli hizo huwaka dakika chache tu baada ya dume kuiona nafasi.

Na dume hutumia hata muda wa kutazama kwa akili. Mwaka 2007, Logan Grosenick, Tricia Clement na Fernald walimweka dume nyuma ya kioo, akatazama mapigano: wa kwanza akampiga wa pili, wa pili akampiga wa tatu, hivyo hadi wa tano. Kisha wakamwonyesha wa pili na wa nne, ambao hakuwahi kuwaona wakipigana. Alimkaribia wa nne, mnyonge zaidi. Alikuwa amepanga orodha kichwani kwa kutazama tu. Ubongo uliofanya hivyo ni mdogo kuliko punje ya maharage.

Upande wa Kongo wa ziwa, Mjapani Michio Hori alikuwa akihesabu samaki wengine wa jamaa hiyohiyo wenye tabia mbaya: hula magamba ya wenzao. Perissodus microlepis hunyemelea kwa nyuma, hujipinda, hung'oa magamba ubavuni na kukimbia. Mdomo wake umepinda. Waliopinda kulia hung'ata ubavu wa kushoto wa windo, waliopinda kushoto hung'ata wa kulia. Hori alieleza mwaka 1993 kwamba pande hizi mbili hubadilishana wingi mwaka hadi mwaka karibu na nusu kwa nusu: kundi moja likizidi, mawindo hujihadhari upande huo, na kundi lingine linanufaika. Mwaka 2012 Yuichi Takeuchi, Hori na Yoichi Oda walirekodi mashambulio kwa kamera ya kasi, wakaona mwili hujipinda kwa nguvu zaidi upande ule samaki anaoupenda, na wakadokeza kuwa seli za Mauthner zina mkono humo. Mashine ileile inayomwokoa dagaa, hapa huenda inatumika kupora.

Samaki wote wa jamaa hii ya perege wametokana na wazazi wachache walioingia ziwani, na leo ni spishi 240 hivi, nyingi kwenye miamba. Kwa mtafiti wa ubongo hali hii ni adimu: ndugu wa karibu, ziwa moja, maisha tofauti kabisa. Alexander Pollen, Hans Hofmann na wenzao walilinganisha spishi saba mwaka 2007, wakakuta kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ni kubwa zaidi kwa wale wanaoishi wawiliwawili, dume na jike mmoja, na kwamba makazi yenye miamba na majirani wa spishi nyingi nayo huenda sambamba na ubongo mkubwa. Miaka miwili baadaye Alejandro Gonzalez-Voyer, Svante Winberg na Niclas Kolm walipima spishi 39. Katika zile ambazo mama hulea peke yake, ubongo wa jike ulikuwa mkubwa. Wengi wa mama hao hubeba mayai na watoto kinywani kwa wiki kadhaa bila kula vya kutosha. Ubongo ni kiungo ghali; wa binadamu ni asilimia 2 ya mwili na unatumia kama asilimia 20 ya nishati. Samaki mwenye njaa anayelea peke yake ndiye wa mwisho mtu angemtarajia kuongeza gharama hizo, lakini ndiye anayefanya hivyo. Hakuna ngazi inayolieleza jambo hili. Kazi na majirani vinalieleza.

Utafiti mwingine ulitoka mwaka 2024. Carolin Sommer-Trembo, Walter Salzburger na wenzao waliwapima samaki 702 wa spishi 57, upande wa Zambia, kwa swali moja: ukimweka samaki mahali pageni, anazunguka au anatulia? Spishi za karibu na ufuko, zenye miili minene, zilikuwa na udadisi zaidi. Za maji ya wazi, nyembamba na ndefu, zilikuwa na kujizuia zaidi. Tofauti hiyo ililingana na herufi moja ya DNA karibu na jeni iitwayo cacng5b, ambayo hufanya kazi ubongoni na kusaidia kurekebisha vipokezi ambavyo seli za neva hutumia kupashana habari. Walipoichezea jeni hiyo, tabia ya samaki ilibadilika, wakawa wadadisi zaidi. Binadamu nao wana nakala yao ya jeni hiyo, na kwao imehusishwa na magonjwa ya akili ya aina mbili, likiwemo lile la kupanda na kushuka kwa hali ya moyo.